RimWorld: Kuteua walowezi na kuandaa ulinzi wa mwanzo

RimWorld ni mchezo wa kompyuta wa kujenga makazi, uliobuniwa na Tynan Sylvester wa Canada kupitia kampuni yake ya Ludeon Studios. Toleo lake kamili lilitoka Oktoba 2018. Katika mwanzo wake wa kawaida, watu watatu walionusurika katika ajali ya chombo cha anga hujikuta katika sayari ya mbali, nao hulazimika kujenga, kulima na kujihami.

Watatu hao huteuliwa na mchezaji kutoka orodha ya watu wanane. Kila mmoja hupimwa kwa stadi 12, kuanzia kiwango cha 0 hadi 20. Alama ya mwali wa moto kando ya stadi huonyesha mapenzi ya kazi hiyo. Mwenye mwali mmoja hujifunza kwa kasi kamili, mwenye miali miwili kwa kasi moja na nusu, na asiye na mwali kwa asilimia 35 tu. Hivyo, mwenye kiwango kidogo na miali miwili aweza kumpita anayemzidi leo.

Kosa la wengi wanaoanza ni kuteua wapiganaji watupu. Mpishi asiye na ujuzi huwalisha wenzake chakula chenye madhara, mjenzi hafifu hupoteza vifaa, na jeraha lisilotibiwa huua hata baada ya vita kushinda. Yafaa watatu hao wagawane ujenzi, kilimo, upishi na utabibu, na angalau wawili wamudu silaha. Mganga hajigangi vyema; kwa hiyo pawepo wa pili ajuaye kufunga kidonda. Ni muhimu pia kusoma historia ya kila mmoja, kwa kuwa wapo wasioweza kabisa kupigana au kuzima moto.

Silaha za mwanzo ni bunduki moja, bastola moja na kisu. Bunduki apewe mwenye shabaha bora. Viroba vya mchanga vipangwe mbele ya mlango, na miti na mawe yaliyo upande wa adui yaondolewe ili asipate pa kujificha. Kuta za mbao hujengwa upesi lakini huungua. Zibadilishwe kuwa za mawe mapema.

Jambo lisilotambuliwa na wengi ni kwamba ukubwa wa mashambulizi hutegemea zaidi thamani ya mali na idadi ya watu. Anayelimbikiza fedha na mapambo kabla ya kuimarisha ulinzi hujiitia adui asiyemweza.

Mvamizi aliyeanguka akiwa hai asiachwe afe. Aweza kufungwa, kutibiwa na kushawishiwa ajiunge, na makazi ya watu watatu yakapata wa nne.