Kompyuta Tanzania: Kutoka Hazina hadi Migodi ya Geita na Kahama
Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za enzi hizo zililishwa taarifa kwa kadi ngumu zilizotobolewa matundu. Tundu moja likikosewa, hesabu nayo ilikwenda kombo. Uhasibu wa Serikali kwa kompyuta ulivurugika, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, isipokuwa kwa kibali maalumu. Katazo hilo lililegezwa baadaye, hatua kwa hatua. Migodi mikubwa ya Geita (2000) na Bulyanhulu, wilayani Kahama (2001), ilipoanza uzalishaji, kompyuta ilikwisha kuwa chombo cha kazi: wanajiolojia huitumia kuchora umbo la mwamba wenye dhahabu kabla ya baruti kulipuliwa. Kilichokatazwa jana ndicho nguzo ya uchimbaji leo.