Visukuku vya ekwisetumu: spishi hutambuliwaje kwa sehemu za chini ya ardhi?

Kando ya Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, Zambia, matete hukauka lakini mashina yake ya chini hubaki matopeni. Udongo uliojaa maji huzuia hewa na kuchelewesha kuoza. Ndivyo magogo ya Kalambo, yaliyotangazwa mwaka 2023, yalivyodumu miaka 476,000.

Ekwisetumu, mmea wa vifundo usiotoa maua, ni salio la ukoo uliokuwa na miti mirefu miaka milioni 300 iliyopita. Wakati mwingine husalia shina lake la chini pekee. Wataalamu huchunguza vifundo, mizizi na vinundu vyake kabla ya kutangaza spishi mpya. Tahadhari ni muhimu: sehemu za mmea mmoja zikipatikana mbalimbali, huweza kupewa majina mawili.