Ramani ya Kyela Ilianzia Angani

Darubini ikitajwa, wengi katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa huiona kuwa chombo cha watu wa mbali: cha mtaalamu wa Ulaya aliyejifungia kileleni mwa mlima, au cha mtalii mwenye fedha za kuchezea. Historia ya Kyela inasema vingine. Mahali ziwa linapokomea kwenye ramani, na mstari unaotenganisha Tanzania na majirani zake upande huu, vilipatikana kwa kutazama nyota, tena kwa vyombo vidogo vilivyobebwa vichwani na wapagazi. Walioshika vyombo hivyo, wengi wao, hawakuwa wanajimu wa kazi. Walikuwa mganga mmisionari, baharia na maofisa wa jeshi waliojifunza kupima anga kwa sababu safari ziliwalazimu. Kwa hiyo anayetazama nyota kwa chombo kidogo katika ufukwe wa Matema leo anarudia kazi ambayo eneo hili lilikwisha kuijua.

Tuanze na waliokuwapo kabla ya vyombo hivyo. Wanyakyusa wa bondeni na Wakisi wa pwani ya mashariki hawakuhitaji digrii ili kujua ziwa linaishia wapi. Wakisi walifinyanga vyungu na kuvisafirisha kwa mitumbwi hadi kwenye masoko, na safari ya mtumbwi humlazimu mtu kujua upepo, majira na mwezi. Mvuvi wa usipa anaishi kwa hesabu hiyo hadi leo. Samaki hao huvutwa na taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu nuru hutapakaa juu ya maji yote, taa hupoteza nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Huo ni utazamaji wa anga wenye faida ya moja kwa moja, unaojaribiwa kila mwezi na kusahihishwa na kilichomo wavuni. Upungufu wake ni mmoja tu: ujuzi huo haumwezeshi mtu aliyeko mbali kujua mahali hapa pako wapi duniani.

Hilo ndilo swali lililoletwa na David Livingstone, aliyefika kusini mwa ziwa Septemba 1859. Miaka saba kabla ya hapo, kule Cape Town, alikuwa amefundishwa vipimo vya anga na Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha wanajimu cha Cape. Chombo chake kikuu kilikuwa sekstanti, kifaa cha mkononi chenye vioo na kidarubini, kinachopima pembe kati ya vitu viwili. Baharini pembe hupimwa kuanzia mstari ambapo maji hukutana na anga. Nchi kavu, penye milima na miti, mstari huo haupo. Dawa yake ilikuwa sahani ya zebaki. Mpimaji huiweka chini, akaikinga na upepo, kisha huchuchumaa akiitafuta nyota mara mbili: angani na ndani ya zebaki. Pembe kati ya nyota na taswira yake, ikigawanywa kwa mbili, ndiyo kimo cha nyota. Nyota ikipimwa inapofika juu kabisa ya njia yake, kimo hicho pamoja na majedwali humpa mpimaji latitudo.

Longitudo ilikuwa balaa. Dunia hujizungusha digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa dakika nne, kwa hiyo kuijua longitudo ni kujua tofauti ya saa kati ya hapa ulipo na mahali pengine. Saa ikikosea sekunde nne tu, katika latitudo ya Kyela mtu amejihamisha karibu kilomita 1.8, ikikosea dakika nzima, kilomita 27. Saa zilizotikiswa miezi mingi vichwani mwa wapagazi hazikuaminika, na njia mbadala ya kupima umbali wa mwezi na nyota ilihitaji mkono mtulivu na hesabu ndefu. Hata latitudo haikusaidia pale ambapo mpimaji hakufika. Safari ya Livingstone ya 1861 iliishia kabla ya ncha ya kaskazini, na ziwa likadhaniwa kuwa fupi kuliko lilivyo. Baharia E. D. Young alipolizunguka kwa meli ndogo ya Ilala mwaka 1875 ndipo ilipothibitika kwamba maji yanaendelea mbali zaidi kaskazini. Ndiye aliyeiita milima ya mashariki kwa jina la Livingstone.

Kisha siasa ikaja kuomba msaada wa nyota. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890 ulisema mpaka ufuate ufuko wa ziwa hadi mdomo wa mto Songwe, kisha uupande mto huo hadi unapokutana na longitudo ya digrii 33 mashariki. Waliosaini walikuwa Berlin. Hakuna kati yao aliyejua mstari huo unapita kwenye kijiji gani au kilima gani. Mwaka 1898 ilibidi tume ya mataifa hayo mawili, wakiwamo Kapteni Charles Close kwa upande wa Waingereza na Ernst Kohlschütter kwa upande wa Wajerumani, ipime kati ya Nyasa na Tanganyika kwa kuzilenga nyota. Makubaliano ya Februari 1901 yalijengwa juu ya kazi hiyo. Mto uliochaguliwa, hata hivyo, hautulii: katika bonde la chini Songwe hufurika na kuhama njia, na wakulima wakajikuta ng'ambo ya pili bila kuhama.

Mtu anaweza kupinga hapa: je, hiyo si historia ya kutawaliwa? Ni kweli. Vyombo hivyo vilikata nchi za watu bila kuwauliza, na vitabu vikaandika majina ya wapimaji, vikawaacha wapagazi na waongoza njia. Hata kimondo cha Mbozi, chuma kizito ambacho wenyeji walikijua tangu zamani, husimuliwa mara nyingi kana kwamba kilianza kuwapo mwaka 1930, pale W. H. Nott, mpima ardhi, alipokitolea taarifa. Lakini dhuluma hiyo inadai wenyeji washike kipimo, si wakiache. Mzozo wa Tanzania na Malawi kuhusu mpaka katika ziwa hili utaamuliwa kwa sheria na mazungumzo, wala si kwa darubini. Hata hivyo, asiyejua mstari ulipatikanaje atabaki kusomewa ramani na wengine.

Wengine watasema simu sasa hutoa latitudo na longitudo kwa kubonyeza mara moja. Hutoa, na kwa usahihi ambao Close angeuonea wivu, lakini humpa mwanafunzi jibu bila sababu. Mawingu nayo ni hoja yenye uzito, kwani Kyela ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi zaidi. Lakini kuanzia Juni hadi Oktoba anga hufunguka, na kutoka Matema upande wa kusini ni maji matupu, bila mlima wa kuuficha Msalaba wa Kusini. Kuhusu gharama, darubini ya macho mawili ya kukuza mara 10, ikiegemezwa vizuri, inatosha kuonyesha miezi minne mikubwa ya Mshtarii na mashimo ya mwezi wetu.

Kwamba watu wanataka kutazama, hilo lilithibitika 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete juu ya Rujewa, Mbarali, baada ya wataalamu kama Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria kuueleza umma nini kitatokea na namna ya kutazama bila kuharibu macho. Umati ulikusanyika, kisha ukatawanyika, kwa kuwa tukio la siku moja haliachi mazoea. Mazoea huachwa na chombo kinachobaki na mwalimu anayejua kukitumia. Halmashauri, wazazi na wafanyabiashara wa mchele na kakao wa Kyela wainunulie kila sekondari darubini moja ya macho mawili na miguu yake mitatu, pamoja na kifaa rahisi cha kupimia pembe, na zoezi la kwanza la wanafunzi liwe kupima latitudo ya shule yao wenyewe.