Sabufa: jina la boksi moja lililobeba seti nzima

Nyololo, pale barabara ya Mgololo inapochepuka kutoka barabara kuu ya Iringa na Mbeya, mtu akisema "nimenunua sabufa" hakuna anayemwuliza amenunua nini hasa. Kila anayemsikia anaiona seti ileile: boksi jeusi lenye vitufe na taa mbele, spika ndogo mbili, tatu au nne zenye waya zake, rimoti, na tundu la kuchomeka flashi. Vyote hivyo kwa pamoja ndiyo sabufa.

Kwa Kiingereza, neno lililozaa sabufa, yaani subwoofer, halibebi mzigo huo wote. Ni jina la spika moja tu, ile inayotoa sauti nzito za chini kabisa. Spika ndogo zina jina lake na kikuza sauti kilichofichwa ndani ya boksi kina jina lake. Kiswahili cha dukani kimechukua jina la kiungo kimoja kikalitandaza juu ya mwili mzima.

Wapo wanaoliona hilo kuwa kosa, lakini hivyo ndivyo lugha inavyofanya kazi kila siku. Mtu akisema amekula ugali hakatai kwamba kulikuwa na maharage. Ametaja kile kilichojaza tumbo. Mnunuzi wa sabufa naye anataja kile kilichomvuta dukani, yaani ule mshindo unaogusa kifua, ambao spika ya tivii peke yake haiwezi kuutoa. Jina limetua kwenye sehemu iliyobeba thamani ya kitu.

Asili ya neno lenyewe ni sauti za wanyama. Miaka ya 1930, kumbi za sinema za Marekani zilipoanza kugawa kazi kati ya spika kubwa na ndogo, mafundi waliiita ile ya sauti nzito woofer, kwa kuiga mbweko wa mbwa, na ile ya sauti nyembamba tweeter, kwa kuiga mlio wa ndege. Baadaye ikatengenezwa spika ya sauti za chini zaidi ya zile za mbwa, ikaongezewa kiambishi chenye maana ya "chini ya". Neno lilipoingia Kiswahili, ulimi ulilichonga kwa kanuni zake: ile w iliyobanwa kati ya b na u ikamezwa, na mwisho wa neno ukapata irabu a, kama ilivyokuwa kwa dereva na kompyuta. Nchini Kenya, ambako watu husema wufa, w imebaki kwa sababu inafungua neno na haibanwi na konsonanti yoyote.

Waswahili hawakungoja umeme kuzipa majina sauti nzito na nyembamba. Kamusi za zamani zinaorodhesha ngoma kwa majina yake, na mbili kati ya hizo zinasimama kwenye ncha mbili za sauti: vumi, yenye sauti nzito, na chapuo, ngoma ndogo yenye sauti kali. Vumi limetoka kwenye kitenzi kuvuma, kinachotumika kwa upepo, bahari na nyuki. Mafundi wa Marekani walisikiliza mbwa na ndege. Wapigaji wa pwani walisikiliza upepo. Kisha muziki wa dansi ukaleta gitaa la besi, na besi likazoeleka kuwa jina la sauti nzito yoyote, iwe ya gitaa, ya mwimbaji au ya redio.

Kwa nini basi lisiingie neno la Kiswahili tupu mahali pa sabufa? Jibu linaonekana kwenye kifaa kingine kilichopo sebule ileile. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba yenye antena ya kawaida ilihitaji kifaa kipya, na kifaa hicho kikaitwa king'amuzi, kutokana na kitenzi kung'amua. Neno lilishika kwa sababu lilikuja na tarehe na matangazo ya redio, na watu walilisikia kabla hawajakiona kitu chenyewe. Sabufa haikutangazwa na yeyote. Iliingia duka kwa duka, jina likiwa limechapwa kwenye katoni, na wauzaji wakalisoma walivyoliona.

Jina la mfumo mzima, homu thieta, lina tatizo la aina nyingine. Kwa Watanzania wengi thieta ni chumba cha upasuaji. "Kaingizwa thieta" ni habari ya hospitali. Sinema ya nyumbani lingekuwa jina safi zaidi, na linaeleweka mara moja hata kwa mtu ambaye hajawahi kuiona. Hata hivyo sokoni homu thieta limebaki kuitaja ile seti kubwa yenye spika tano na boksi moja, nayo sabufa ikabaki jina la seti ya kawaida.

Kutandaa kwa neno sabufa kunaleta shida hasa pale mtu anapofunga seti kwa mara ya kwanza. Hapo ni lazima boksi litenganishwe na seti, kwa kuwa boksi na spika ndogo hufuata kanuni tofauti kabisa.

Sikio la binadamu husikia sauti kuanzia mitikisiko 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la mitikisiko 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4, na wimbi la mitikisiko 40 lina urefu wa mita 8.5, pengine zaidi ya sebule yenyewe. Wimbi fupi husafiri kama mwanga wa tochi: likizuiwa na kochi au pazia, linapotea. Wimbi refu huzunguka kochi, hupenya mlango, hufika kwa jirani. Usiku lori linapopita barabara kuu ya Nyololo, aliye ndani ya nyumba ya matofali anasikia ule mvumo peke yake. Mluzi wa breki na mlio wa matairi vimebaki nje.

Kanuni ya kwanza ya ufungaji inatokana na hilo. Spika ndogo zinabeba maneno, vinubi na kengele, na lazima zimwone msikilizaji: moja kushoto kwa tivii, moja kulia, kimo cha masikio ya mtu aliyekaa, zikielekezwa kwenye kochi. Boksi la besi halina haja ya kumwona mtu. Masikio mawili yameachana kwa sentimita chache tu, na wimbi la mita nane linayafikia karibu kwa wakati mmoja, hivyo akili haiwezi kupima limetoka upande gani. Ndiyo maana seti huwa na spika ndogo kadhaa lakini boksi moja tu la besi.

Hata namba zinazochapwa kwenye katoni zinasema hivyo. Katika 2.1, 3.1 na 5.1, tarakimu ya kwanza ni idadi ya njia za sauti kamili. Ile 1 baada ya nukta ni njia ya besi, inayobeba sehemu ndogo tu ya mitikisiko na hivyo haikuhesabiwa kuwa njia nzima. Filamu ya Batman Returns ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua matumizi ya sauti ya kidijiti ya Dolby yenye mpangilio wa 5.1 kwenye kumbi za sinema.

Anayeanza asikimbilie spika tano. Filamu nyingi zinazotazamwa vijijini ni zile zilizosimuliwa kwa Kiswahili, kazi iliyompa umaarufu Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kwenye nakala za namna hiyo sauti ya msimulizi na ya filamu huchanganywa kwenye njia mbili. Spika za nyuma hazipati kitu chao. Zinarudia tu kilichosemwa mbele. Kwa mtazamaji huyo, spika mbili nzuri na boksi moja vinatosha.

Kosa kubwa hutokea kwenye kabati la tivii. Mtu hufungua katoni, huona nafasi chini ya tivii, huliingiza boksi humo na kulifungia pamoja na glasi za wageni. Anapopandisha sauti, glasi zinagongana, vioo vinatetemeka, na anayesikiliza anadhani spika imepasuka. Boksi linataka sakafu, na nafasi ya kupumua mahali lilipo tundu lake la hewa. Likiwekwa kwenye kona, kuta mbili na sakafu vinaisukuma besi mbele, inaongezeka bila kugusa kitufe.

Kona nayo ina hasara zake, kwa sababu kila chumba kina mitikisiko inayoipenda. Sebule ya mita 4 kwa 5 huikuza mitikisiko ya karibu 34 na 43 kwa sekunde, na kwa mitikisiko hiyohiyo katikati ya chumba huwa kama shimo. Wawili wanaweza kukaa sebule moja, mmoja aliyeegemea ukuta akalalamika besi imezidi, na mwingine wa katikati akasema haisikii. Mafundi wana dawa yake isiyogharimu hata shilingi. Boksi huwekwa juu ya kochi, pale atakapokaa msikilizaji. Unapigwa wimbo wenye gitaa la besi linalotembea. Kisha mtu anapita kando ya kuta akiwa amechutama, sikio karibu na sakafu, akisikiliza. Sehemu moja besi itakuwa mvumo mzito usio na umbo, nyingine itatoweka, mahali fulani kila mpigo wa uzi utasikika ukiwa umejitenga na mwenzake. Hapo ndipo boksi linapohamishiwa. Dawa inafaa kwa kuwa sauti kutoka kochi hadi kona hupita njia ileile inayorudi kutoka kona hadi kochi.

Waya hazina ugumu: nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, kwa kila spika. Zikipishana kwenye spika moja, moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti ya mtu aliye katikati ya picha inatawanyika. Mvumo usiokoma hata wimbo ukiwa umezimwa mara nyingi ni umeme wa mitikisiko 50 ulioingia kupitia waya mbovu au pini iliyolegea.

Kuhusu nguvu, usomwe mgongo wa boksi kuliko uso wa katoni. Katoni inaweza kuandika wati 10,000 za PMPO, yaani kilele cha nguvu cha kufumba na kufumbua. Pasi ya nguo inakula wati 1,000 hivi, na hakuna soketi ya sebuleni inayoweza kulisha pasi kumi. Kibandiko cha nyuma kinachosema wati 50 au 60 ndicho kinachoeleza boksi linavuta nini kutoka ukutani, na sauti inayotoka haiwezi kuzidi umeme unaoingia.

Kwa istilahi, basi, sabufa iachiwe seti nzima. Watu wamelipa neno hilo kazi hiyo, na kamusi zilifuate huko. Boksi lenyewe liitwe spika ya besi, kwa maneno mawili ambayo hata mtoto anayajua, na ile 1 ya baada ya nukta iitwe njia ya besi. Mteja wa Nyololo anayepanda basi kwenda Mafinga kununua ataweza kumwambia muuzaji kwamba sabufa yake ni nzima, spika ndogo zinalia vizuri, ila spika ya besi imekufa na anatafuta hiyo moja. Leo akisema sabufa imekufa, muuzaji anamshushia katoni nzima.