Kujifunza useremala Bujumbura: karakana, fundi na safari

Seremala anayekimbia vita mara nyingi hufika Bujumbura bila randa, bila msumeno na bila karatasi yoyote. Ufundi wake umo mikononi, lakini mwenye karakana hamjui. Makala haya yanaeleza jinsi useremala unavyofundishwa mjini hapa, na unavyoweza kulinda ujuzi wako au wa mtoto wako.

Mafundi wengi hawakujifunza darasani bali karakanani, kwa kukaa karibu na fundi. Buyenzi, mtaa unaozungumza Kiswahili na unaojulikana kwa mafundi wa kila aina, ndiko wengi huelekezwa kwanza. Mwanafunzi huanza kwa kufagia vumbi la mbao, kushikilia ubao mwenzake anapokata, na kupiga msasa. Baadaye hupewa randa. Kupima na kuchora alama huja nyuma, kwa sababu ubao uliokatwa vibaya ni hasara ya fundi. Huo ndio utaratibu, si dharau. Lakini miezi ikipita na bado unashika ufagio tu, hayo si mafunzo tena. Ni kazi ya bure.

Kwa kawaida watu huelewana kwa mdomo. Sisi tunashauri muandike, hata ukurasa mmoja wa daftari, mbele ya shahidi: mafunzo ni ya muda gani, kama kuna ada, chakula cha mchana ni juu ya nani, na mwanafunzi akikatwa na msumeno wa umeme nani atalipa matibabu. Hili la mwisho watu huona haya kuliuliza. Uliza. Kumbuka pia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuajiriwa kama mtu mzima.

Baada ya karakana ya kwanza, je, fundi asafiri? Ujerumani kuna desturi ya zamani ambayo baadhi ya vijana bado wanaifuata: ukimaliza mafunzo unatembea mji hadi mji kwa miaka mitatu na siku moja, bila kukaribia kwenu. Ufaransa nayo ina vyama vya mafundi wanaozunguka nchi wakijifunza, na mwaka 2010 UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Wao huondoka kwa hiari, tofauti na mkimbizi. Hata hivyo faida ya safari ni ile ile: kila mahali pana mti wake na mkono wake. Aliyerudi kutoka kambi za Tanzania huenda amezoea mninga. Hapa Burundi atakutana sana na mkaratusi, ambao hupinda na kupasuka ukikaushwa haraka, na wenyeji ndio wanaojua kuupanga kivulini mpaka utulie. Mgeni naye anaweza kuwa na namna ya kuunganisha miguu ya meza ambayo jirani hajawahi kuiona. Karakana inayowaweka pamoja mwenyeji na mkimbizi hujifunza pande zote mbili.

Wale vijana wa Ujerumani hubeba kitabu chenye mihuri ya miji waliyopita. Nawe unaweza kuwa na daftari lako. Kila unapofanya kazi, andika tarehe, mahali, kitu ulichotengeneza na aina ya mti, kisha fundi atie sahihi na namba yake ya simu. Si cheti, lakini fundi mwingine ataweza kupiga simu na kuuliza. Anayetaka cheti aulize katika vituo vya umma vya kufundisha ufundi. Mkimbizi anayeishi kambini asisahau kibali cha kutoka kabla ya kuja mjini, na maswali ya vitambulisho yapelekwe ONPRA.

Picha za kazi zako zichapishwe na kubandikwa humo daftarini. Simu huibiwa.