Historia ya Kulinganisha Magurudumu ya Motokaa

Mwezi wa Novemba, mwaka wa 1861, wasafiri Speke na Grant walifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika. Walifika kwa miguu, na mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi, maana njia za siku zile hazikuwa njia za magurudumu. Lakini huko Ulaya mafundi wa magari ya farasi walikuwa wamekwisha kugundua jambo ambalo leo lamhusu kila mwenye motokaa ya zamani katika wilaya za Karagwe na Kyerwa.

Gari la farasi la kale lilikuwa na ekseli moja ya mbele, iliyogeuka yote pamoja juu ya pini moja ya katikati. Likikata kona kali lilikuwa jepesi kupinduka. Yapata mwaka wa 1817, Georg Lankensperger, fundi wa magari wa mji wa Munich, alilipa kila gurudumu la mbele mahali pake pa kugeukia. Mwaka wa 1818 Rudolph Ackermann aliuandikisha uvumbuzi huo Uingereza, na mpaka leo mpango huo huitwa kwa jina la Ackermann, si la fundi aliyeuvumbua. Maana yake ni hii: gari likipinda, gurudumu la ndani hupita duara dogo na la nje duara kubwa, basi la ndani sharti ligeuke zaidi. Jambo hili si dogo. Motokaa ya Karl Benz ya mwaka wa 1885 ilikuwa na magurudumu matatu tu, kwa kuwa alikuwa hajapata njia njema ya kuongoza manne. Aliipata mwaka wa 1893.

Mwezi wa Aprili, 1948, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam. Motokaa za namna hiyo, zilizotengenezwa mpaka mwaka wa 1985, zina ekseli nzima na springi za vyuma bapa. Kwa hiyo jambo analoweza fundi kulirekebisha ni moja tu: umbali baina ya magurudumu mawili ya mbele. Kwa mbele yapasa yakaribiane kuliko kwa nyuma, kwa kadiri ya milimita 1.2 hadi 2.4. Sababu ni kwamba motokaa iendapo, barabara huyasukuma magurudumu yapanuke. Yakiwa yamekaribiana kidogo, mwendoni hunyoka sawasawa.

Kazi hii haihitaji mashine kubwa. Kwanza fundi hutazama kama viungo vya usukani na beringi hazijalegea, na kama tairi zina upepo sawa. Maana kupima kitu kilicholegea ni kazi bure. Husimamisha gari mahali tambarare, magurudumu yakielekea mbele. Hutia alama ya chaki kwa mbele ya kila tairi, kwa urefu wa katikati ya gurudumu, akapima baina ya alama hizo. Kisha huisukuma motokaa mpaka alama zile zile zifike nyuma, akapima tena. Tofauti ikizidi au ikipungua, hulegeza vibano vya tairodi, akaizungusha kidogo kidogo, akavikaza, akapima upya.

Huenda msomaji akauliza, milimita moja ina hasara gani? Na tufanye hesabu. Gurudumu lililopotoka digrii moja tu huburutwa ubavu kwa kadiri ya meta 17 katika kila kilometa. Toka Kyaka hata Bugene ni kilometa zipatazo 60; basi tairi lile limeburutwa zaidi ya kilometa nzima, nalo hulika upande mmoja kabla ya wakati wake.

Zamani changarawe na mashimo vilimlazimu dereva kwenda polepole. Siku hizi njia hiyo ina lami, nayo yamwita kwenda mbio. Lami hula tairi lililopotoka, na tairi lililolika likipasuka mteremkoni, hasara si ya fedha tu: ndani ya motokaa hiyo huenda yumo mgonjwa apelekwaye hospitali, au watoto warudio nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufito ulionyoka, chaki na nusu saa ya subira vyatosha kuuziba ufa huu, hata Nkwenda au Murongo, mbali na karakana kubwa za mjini.