Nanasi na Pinya: Safari za Majina ya Tunda Moja

Katika pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Diani na Msambweni hadi Vanga, tunda lenye taji la majani makali huitwa nanasi. Jina hilo limezoeleka hata mkulima wa Kwale hana sababu ya kulihesabu kuwa geni. Hata hivyo, tunda lenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Columbus alilikuta katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493.

Wahispania walilifananisha na tunda la msonobari, wakaliita piña. Wareno walifuata jina la Watupi wa Brazili, wakasema ananás. Tangu hapo majina yakatengana kwa kufuata njia za merikebu. Kitagalogi na Kisebuano, lugha za Ufilipino, nchi ambayo Hispania ilianza kuitawala mwaka 1565, zilipokea pinya. Kikatalani nacho chasema pinya, lakini neno hilo ni urithi wake kutoka Kilatini, lililokuwa na maana ya tunda la msonobari kabla ya kuongezewa maana mpya. Maneno hayo yamefanana, lakini historia zake ni mbili.

Tahadhari hiyo yahusu pwani pia. Nanasi huhesabiwa mara nyingi kuwa neno la Wareno, ambao mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, ng'ambo ya Likoni. Meza na leso ni mashahidi wa athari yao. Lakini Kiarabu na Kigujarati navyo vinalo neno ananas, na majahazi ya Arabuni na India yalifika pwani hii kabla ya ngome hiyo kutekwa mwaka 1698 na hata baadaye. Kwa kuwa umbo ni moja katika lugha zote tatu, umbo peke yake haliwezi kumtambulisha mletaji.

Lililo wazi zaidi ni kazi ya Kiswahili chenyewe. Yaelekea kiambishi ma- kiliungana na irabu ya mwanzo ya ananasi, likapatikana mananasi; kisha umoja ukatolewa humo, ukawa nanasi, na mmea ukaitwa mnanasi. Kweli, Kimalei husema nanas bila kuwa na ngeli, hivyo hoja hii haijafunga mjadala. Lakini kitabu, neno la Kiarabu lililozaa vitabu, laonyesha kwamba Kiswahili huyapanga upya maneno kinayoyapokea. Kwa hiyo haitoshi orodha ya maneno ya mkopo kutaja chanzo tu. Yapasa ieleze pia wapokeaji walilitendea neno nini.